Tikka inayotawanya risasi: anza na karatasi
Mkuu, umeuliza kwa nini bunduki yako, Tikka T3x ya risasi za .308, imeanza kutawanya risasi tangu uhamie Dodoma. Kiwanda, kule Ufini, kinaahidi risasi 3 ndani ya milimita 29 hivi kwa mita 100, basi usikimbilie kulaumu mtutu. Hakikisha chemba, pale risasi inapokaa, ni tupu, kisha pitisha karatasi kati ya mtutu na kitako kinachoubeba. Ikikwama, kuna mahali panagusa, au ni vumbi letu hili. Kagua skrubu za darubini. Moja ikilegea, utarekebisha shabaha mpaka ukome. Piga 3, subiri mtutu upoe hadi ushikike, ndipo urudie. Usichanganye risasi za uzito tofauti. Mwinuko wa hapa, kwa mita 100, hauna neno. Upepo wa mchana ndio mchawi. Jaribu saa moja asubuhi.