Sherbrooke na silaha asiyoitumia

Ndugu, umeuliza ni kwa namna gani nahodha wa destroya, manowari ndogo isiyo na deraya nene, angeweza kuizuia meli kubwa ya kivita ya Ujerumani kama Admiral Hipper. Jibu ni tishio la topido, yaani bomu linalokwenda lenyewe chini ya maji hadi kuigonga meli.

Mfano mzuri ni Kapteni Robert Sherbrooke wa jeshi la majini la Uingereza, ambaye tayari alikuwa ameiongoza destroya Cossack katika mapigano ya Narvik, Norwei, mwezi Aprili 1940. Tarehe 31 Desemba 1942, katika Bahari ya Barents, akiwa ndani ya destroya Onslow na akilinda msafara wa meli 14 za mizigo uliokuwa ukielekea Urusi, aliielekea Hipper mara kwa mara kana kwamba anakaribia kufyatua topido, huku akijua kwamba akishazifyatua adui hatakuwa na cha kuogopa tena. Hipper ilikuwa ikigeuka kila mara. Hatimaye makombora yake yaliipata Onslow. Sherbrooke alivunjika mfupa wa shavu na jicho la kushoto likaharibika kabisa, lakini aliendelea kutoa amri kwa muda kabla ya kukubali kutibiwa.

Hakuna meli ya mizigo iliyozama siku hiyo. Alitunukiwa Victoria Cross, nishani ya juu kabisa ya ushujaa ya Uingereza, na alistaafu mwaka 1954 akiwa na cheo cha admirali wa nyuma (rear admiral).