Reli ya tanga kuu: chagua kwa kuangalia tanga litakavyoshuka

Kuanzia Mei hadi Agosti kusi hulipiga Ziwa Nyasa kwa urefu wake wote. Ziwa lenyewe lina zaidi ya kilomita 550 kutoka kusini hadi kaskazini, kwa hiyo mawimbi yanapofika huku kwetu Kyela yamekwisha kupata nafasi ya kukua. Matema iko kwenye pembe ya kaskazini kabisa. Ukitoka Manda au Lupingu kurudi nyumbani, upepo uko tezini, nyuma ya chombo, Milima ya Livingstone imesimama mkono wako wa kulia, na mbele yako ni mchanga. Hakuna pa kupitiliza. Tanga kuu lazima lishuke, na lishuke upepo ukiwa nyuma.

Ndiyo maana mtu akiniuliza achague mfumo gani wa kulitelezesha tanga mlingotini, namwambia asihangaike na jinsi litakavyopanda. Kwa henza nzuri (kamba ya kupandishia tanga) na winchi, tanga litafika juu hata mfumo ukiwa mbovu. Kazi iko kwenye kushuka. Kanuni ya kawaida ni kugeuza omo, yaani mbele ya chombo, upeponi, tanga lipepee, kisha ulegeze henza. Maji yakiwa matulivu fanya hivyo. Lakini kugeuka katika mawimbi mafupi yaliyosimama wima kama ya Julai maana yake ni kuyapa ubavu wa chombo, huku boriti ya chini ya tanga ikipigapiga juu ya vichwa vya watu. Tanga linaloweza kushuka bila kugeuka linakuokoa na hayo yote.

Chombo changu kina futi 27 na mlingoti wa alumini. Kilikuja kwa lori kutoka Dar es Salaam: kikapanda Kitonga, kikapita Makambako na Mbeya, kikateremkia Tukuyu hadi ziwani. Vyombo vya namna hii ni vichache sana huku, na duka la vifaa vyake hakuna. Naomba msomaji wa Dar au Unguja alikumbuke hilo, kwa sababu nusu ya maamuzi yangu yanatoka hapo. Kifaa bora ambacho kikivunjika kitangoja kipuri kutoka ng'ambo kwa miezi, kwangu mimi si bora.

Mfumo wa kwanza na rahisi kuliko yote ni kamba iliyoshonewa ndani ya ukingo wa mbele wa tanga, inayoingizwa moja kwa moja kwenye mfuo, yaani mfereji mwembamba wa mlingoti. Hauna kitu cha kuvunjika, hauna uzito, na upepo haupenyi kati ya tanga na mlingoti. Vyombo vidogo vya mashindano hupenda mfumo huo. Tatizo lake ni kwamba tanga likishuka linatoka lote kwenye mfuo na kumwagika sitahani. Ukiwa peke yako, au na mtoto wa ndugu yako anayejifunza, tanga lisiloshikwa popote katika upepo wa kusi ni hatari. Kwa chombo kinachozidi futi 20 siushauri.

Wa pili ndio ulio kwenye vyombo vingi vya mitumba: vitelezi. Ni vipande vidogo vya plastiki au chuma vilivyofungwa kwenye ukingo wa tanga kwa nafasi, vikipita ndani ya mfuo au juu ya reli bapa ya chuma. Tanga likishuka vinabaki mlingotini, vimepangana. Ni mfumo mzuri, na watu wengi huutupa mapema mno.

Unaposhindwa ni pale tanga linapokuwa na fito ndefu (vijiti vya kulinyoosha tanga), zile zinazotoka ukingo wa nyuma hadi kugusa mlingoti. Ufito huo umekazwa ndani ya mfuko wake ili tanga lipate tumbo, kwa hiyo unasukuma mbele muda wote. Simama chini ya mlingoti uangalie kitelezi kilicho kwenye ncha ya ufito wakati upepo uko nyuma. Utakiona kimelala upande: sikio lake la juu limeng'ata ukuta mmoja wa mfuo, la chini limeng'ata ukuta wa pili. Hapo ukivuta tanga kwa nguvu unazidi kukikaza. Kijana atakuambia, "Kaka, limekwama juu," naye atatazama kileleni, kumbe kinachoshikilia kiko usawa wa mabega yake. Ukikisukuma kwa kidole gumba kikae wima, tanga lote linashuka. Mifumo yote ya bei kubwa imetengenezwa kutibu jambo hilo moja, kitelezi kulala upande kikisukumwa na ufito.

Tiba moja ni vigari vya gololi. Reli ya alumini hufungwa mlingotini, na juu yake hupita vigari vyenye gololi ndogo ndani, kila ufito ukiishia kwenye kigari chenye kiungo kinachozunguka. Harken ya Wisconsin, Marekani, iliyoanzishwa na ndugu wawili Peter na Olaf Harken mwaka 1967, ndiyo inayojulikana zaidi. Ronstan ya Australia na Seldén ya Sweden nao wanavyo. Gololi zenyewe kwa mizigo mikubwa ni za plastiki ngumu iitwayo Torlon. Mfumo huu unateleza kwa namna ya kushangaza, na kwa chombo cha futi 40 na kuendelea, chenye tanga zito, sioni sababu ya kubishana nao.

Kwa chombo cha ukubwa wangu, katika ziwa hili, nausita. Kuna vumbi la barabara ya kuja Matema. Kyela ni miongoni mwa sehemu zinazopata mvua nyingi zaidi nchini, na chombo kikikaa nangani wiki kadhaa, utando wa kijani unaota kila penye kivuli. Halafu kuna wale wadudu wa ziwani wanaoinuka juu ya maji kama moshi, ambao jirani zetu wa Malawi huwakamata na kuwakanda kuwa mikate. Wingu lao likikupitia, unawakuta wamejaa kwenye kila upenyo, na wakikauka wanakuwa unga unaonata. Gololi zinahitaji njia safi ili zizunguke. Aina za zamani zina tabia nyingine: ukikitoa kigari kwenye reli gololi zinamwagika, na gololi iliyozama hapa haifuatwi, kwa maana mita chache tu kutoka miamba ya Livingstone kina hakipimiki kwa kamba ya nanga. Ukiamua kununua, nunua zile ambazo gololi zimezuiwa zisitoke. Tena vigari ni virefu kuliko vitelezi, kwa hiyo tanga lililoshushwa linarundikana juu zaidi, na kulifunika au kulifikia kichwani inakubidi upande kitu.

Antal ya Italia na Seldén wana vigari visivyo na gololi, vinavyoteleza kwa nyenzo laini zilizowekwa kwenye kingo zake. Kwa uchafu hivyo vinavumilia zaidi.

Nilichochagua mimi, na ndicho ninachomshauri mwenye chombo cha futi 25 hadi 38 huku kwetu, ni reli ya plastiki. Ni utepe mmoja mrefu wa poliethilini nzito sana, ile inayotumika pia kwenye mashine zinazosuguana viwandani. Unaingizwa kwenye mfuo uliopo au juu ya reli ya zamani, na ndani yake hupita vitelezi vya chuma kisichoshika kutu. Tides Marine ya Florida ndiyo iliyoutangaza sana. Hautoboi mlingoti. Hauna gololi. Unakuja umekunjwa duara, kwa hiyo hata basi la Dar hadi Mbeya linaweza kuubeba kama kifurushi, wakati reli za alumini zinakuja vipande virefu vilivyonyooka. Vitelezi vyake ni virefu vya kutosha visilale upande kirahisi, na chuma juu ya plastiki hiyo huteleza hata kikiwa na uchafu kidogo.

Kuna jambo la kuangalia wakati wa kufunga, na mafundi wasiouzoea hulikosea. Plastiki hiyo hurefuka kwa joto mara nyingi kuliko alumini. Katika mlingoti wa mita 10, tofauti ya nyuzi 20 kati ya alfajiri na jua la saa nane inaweza kuurefusha utepe kwa sentimita tatu hivi, ilhali alumini imerefuka nusu sentimita. Kwa hiyo utepe hufungwa chini tu, na juu huachiwa nafasi ya kupumua. Ukiukaza kwa skrubu ncha zote mbili utajikunja katikati, na hapo utakuwa umenunua mkwamo mpya.

Kabla hujaagiza chochote, fanya jaribio hili. Halikugharimu hata senti. Ondoa tanga. Chukua kitelezi kimoja, kifunge kwenye henza upande wa juu, na upande wa chini kifunge kamba nyembamba ya kukivutia. Kipandishe hadi kileleni polepole, ukisikiliza mkononi. Kikikwama mahali, mfuo umepondeka au reli imepinda hapo, jambo la kawaida kwa mlingoti uliosafirishwa kwa lori, na hakuna mfumo mpya utakaopita vizuri juu ya kasoro hiyo kabla haijanyooshwa. Kikipanda na kushuka kwa wepesi, tatizo liko kwenye tanga na fito zake. Mara nyingine si hapo wala pale, ni kapi la kileleni lililokauka, na henza yenyewe ndiyo inayogoma.

Kisha upimwe mfuo, na upimwe vizuri, kwa sababu watengenezaji hutuma kwa vipimo ulivyowapa. Kama huna kalipa, kile kifaa cha kupimia upana na unene, tumia biti za drili. Tafuta biti kubwa zaidi inayopita kwenye uwazi wa mbele wa mfuo, halafu ile kubwa zaidi inayoingia kwenye tundu la ndani kupitia mlango wa chini, ule wa kuingizia vitelezi. Andika zote mbili kwa milimita, na upime uwazi huo sehemu tatu za mlingoti. Kwa reli bapa pima upana. Nyingi za zamani zilitengenezwa kwa inchi, hasa robo tatu na ushee au inchi nzima, na kitelezi cha milimita kitacheza au kitabana.

Kama fedha haipo sasa, usikate tamaa na vitelezi ulivyonavyo. Vinaweza kuboreshwa hapa hapa. Fundi wa kukereza mjini Mbeya anaweza kukuchongea vipya, ila usimpe nailoni ukitaka vikae kwa kubana, maana nailoni hunywa maji na kuvimba, na kitelezi kilichopita vizuri karakanani kitakaza baada ya wiki moja ya mvua. Mtafutie asetali, plastiki nyingine ngumu, au mwambie aache nafasi. Kwa kuvifunga upya tangani nenda kwa mafundi wa maturubai ya malori. Wana mashine nzito na uzi wa poliesta, na mkanda wa poliesta hustahimili jua kuliko wa nailoni. Mwambie fundi asikaze mno: kitelezi kinatakiwa kiwe na nafasi ya kugeuka kidogo, ndiyo inayokizuia kung'ata.

Usipake gresi wala oili kwenye mfuo au reli yoyote. Vinateleza siku hiyo, na wiki inayofuata vumbi limeganda kuwa msasa. Osha kwa maji ya ziwa na brashi ndefu, acha pakauke, kisha tumia kilainishi kikavu cha kupuliza. Ukikikosa, nta ya mshumaa iliyosuguliwa kwenye vitelezi inasaidia kwa muda. Wenye reli za kufungwa kwa skrubu wasidanganyike kwamba maji baridi hayali chuma. Yanakula taratibu kuliko ya chumvi, lakini skrubu ya chuma ndani ya alumini bila dawa ya kutenganisha itaganda, na siku utakayotaka kuitoa itakatika kichwa.

Halafu fikiria kupunguza tanga, yaani kulifupisha upepo unapozidi. Vitelezi vikirundikana juu ya mlango wa mfuo, pete ya kupunguzia tanga huenda isifike kwenye ndoano yake. Hesabu urefu wa rundo kabla ya kulipia: idadi ya vitelezi mara urefu wa kila kimoja, ulinganishe na umbali kutoka mlangoni hadi ndoanoni. Kipande cha kuziba mlango huo, ili vitelezi vishuke hadi chini kabisa, ni kitu kidogo ambacho fundi yeyote wa alumini anaweza kukitengeneza.

Na kitu cha kwanza cha kufunga, hata kabla ya kuamua mfumo gani, ni kamba ya kushushia. Chukua kamba nyembamba ya milimita 5 au 6, ifunge kwenye kichwa cha tanga, iteremshe sambamba na mlingoti, uipitishe kwenye kapi dogo miguuni mwake na kuileta nyuma hadi kwenye usukani. Legeza henza kwa mkono mmoja, vuta hiyo kwa mwingine. Hakikisha urefu wake unatosha tanga likiwa limepanda lote, na mwisho wake uufunge fundo nene lisilopita kwenye kapi.