Kumtembelea rafiki anayefundisha visiwa vya nje vya Kiribati

Ndugu, umeuliza ujiandae vipi kumtembelea rafiki yako anayejitolea kufundisha kwenye kisiwa cha nje huko Kiribati, nchi ya visiwa katika Bahari ya Pasifiki; yaani kisiwa kilicho mbali na Tarawa, penye mji mkuu. Kutoka Nadi, Fiji, hadi Tarawa ni saa 3 hivi angani. Kasheshe huanzia hapo: ndege za visiwani ni ndogo na huahirishwa, kwa hiyo acha siku 3 au 4 za akiba kabla ya safari ya kurudi. Kama unatokea Afrika Mashariki, beba cheti cha homa ya manjano. Chukua dola za Australia, noti ndogo, ukiwa bado Tarawa.

Maji ndiyo ya kuogopa. Ya kisima hukaa kama tabaka jembamba juu ya maji ya chumvi, na ardhi ya matumbawe haichuji uchafu wa vyoo na nguruwe. Chemsha, hata yakiwa maangavu. Samaki wa mwambani waulizie wenyeji kwanza, maana sumu ya siguatera, inayopatikana kwenye baadhi yao, haiondoki kwa kupikwa.

Kwenye maneaba, ukumbi wa kijiji, vua viatu, kunja miguu ukikaa, na inama ukipita mbele ya wazee.

Zawadi? Mwulize rafiki yako mwenyewe, ila upime kilo, maana ndege ni ndogo.