Elgon si ya Wikendi

Msomaji wa Kisumu ameuliza kama anaweza kutoka nyumbani Ijumaa jioni, alale Kitale, na Jumamosi mchana awe juu ya Koitobos, kilele cha Mlima Elgon upande wa Kenya. Aprili. Kwa raba. Hapana, ndugu yangu. Na hao wanaokwambia Elgon ni kilima tu, kwa kuwa ukiutazama kutoka Kitale unaonekana umelala chali, hawajaupanda.

Umelala hivyo kwa sababu kitako chake kina upana wa kilomita 80 hivi, kwa hiyo mwinuko unajificha. Piga hesabu: Kisumu iko mita 1,100 na ushei, Kitale 1,900, Koitobos 4,222. Ukizikimbilia zote kwa mkupuo, kichwa kitagonga na utatapika. Lala usiku mmoja Kitale, wa pili kambini ndani ya lango la hifadhi la Chorlim, wa tatu kambi ya Koroborte, karibu mita 3,500, njia ya gari inapoishia. Kichwa kikiuma na dawa isikitulize, shuka angalau mita 500 usiku huohuo.

Sasa gari, maana hapo ndipo safari nyingi hufia. Njia inapita chini ya mipodo na miti ya teki ya Elgon, kisha mianzi, na kivuli hicho hakiachi udongo ukauke upesi hata mvua ikikatika. Probox iache Endebess. Tafuta gari linalovuta kwa magurudumu yote manne. Kabla ya matope punguza upepo wa matairi kutoka psi 35 hadi kama 20, na ubebe pampu ya kuurudisha. Likikwama, usikanyage mafuta: magurudumu yatachimba mpaka tumbo la gari likalie udongo. Fukua mbele ya matairi kwa beleshi, tandika matawi yaliyoanguka yenyewe (kukata mti hifadhini ni kosa). Jeki ikae juu ya ubao mpana, la sivyo itazama yenyewe na gari libaki palepale. Nenda Desemba hadi Machi mwanzoni, uepuke nusu ya haya.

Kutoka Koroborte hadi kileleni ni kama saa tatu za mguu. Anza saa kumi na moja alfajiri. Ikifika saa sita uwe unashuka, kwani radi hupenda mchana na huko juu hakuna pa kujificha. Maji lita 3, koti la mvua, glavu, mabuti yanayoshika kifundo.

Na Pango la Kitum, lililo humo hifadhini? Ndovu huingia usiku kukwangua chumvi ukutani, kwa hiyo nenda mchana, na askari mwenye bunduki. Kuna popo pia. Mwaka 1980 na 1987 watu wawili waliolizuru walikufa kwa Marburg, homa kali ya virusi, na virusi hivyo vikaja kupatikana kwa popo wa humo. Mimi ningekushauri ulitazame kutoka mlangoni. Ukishupaa kuingia, vaa barakoa na glavu, usishike kinyesi cha popo.

Kiingilio cha hifadhi hakilipwi kwa pesa taslimu. Maliza malipo ukiwa bado Kitale, mtandao ukiwa imara.