Kosa dogo lilivyogeuka kubwa

Ndugu, umeuliza ilikuwaje Trump ashtakiwe kwa kosa kubwa eti kwa sababu ya uandishi wa vitabu vya hesabu tu. Kwa sheria ya New York, kughushi kumbukumbu za biashara peke yake ni kosa dogo. Linapanda daraja pale nia inapokuwa kutenda au kuficha kosa jingine. Tazama malipo yenyewe ya 2017: dola 35,000 kwa mwezi kwa Michael Cohen, aliyekuwa wakili wa Trump, yakaandikwa kuwa ada ya wakili, kumbe ndani yake alikuwa anarudishiwa 130,000 alizomlipa Stormy Daniels, mwigizaji wa filamu za ngono, anyamaze kuhusu madai yake ya kulala na Trump kabla ya uchaguzi wa 2016.

Ubishi wa kweli uko kwenye hilo “kosa jingine”. Upande wa mashtaka ulitegemea sheria ya uchaguzi ya jimbo, inayokataza njama ya kumpigania mgombea kwa njia haramu, na jaji akaliambia jopo la raia wanaoamua kesi kwamba si lazima wakubaliane wote ni njia ipi haramu iliyotumika. Hapo mawakili wa Trump wana hoja nzito. Lakini kusema hakukuwa na ushahidi, hapana. Raia hao 12 wa jopo walizikagua ankara, hundi na leja, wakamtia hatiani kwa mashtaka yote 34, Mei 2024.