Usitume andiko lile lile tena

Mdogo wangu, umesema ulikosa ufadhili wa uzamili mwaka jana, na unauliza kama ubadilishe tarehe tu kwenye andiko lako la utafiti utume tena. Hapana. Waandikie kwanza wafadhili uombe maoni ya waliolipitia. Wapo wanaojibu, wengine watakaa kimya, usinune.

Mimi tatizo naliona kwenye kichwa chenyewe: "Changamoto za kilimo cha viazi mviringo Nyanda za Juu Kusini." Hiyo ni mikoa mizima! Nani atazunguka kote huko? Baki Umalila, huko huko Mbeya, uliza jambo moja: je, anayepulizia dawa ya ukungu kabla ya dalili anavuna zaidi ya anayesubiri majani yaungue? Kisha eleza mashamba mangapi, misimu mingapi, na mavuno utayapimaje: kwa kilo, si kwa gunia, maana lumbesa, yale magunia yanayojazwa kupita kiasi, unazijua.

Fika TARI Uyole, kituo cha Taasisi ya Utafiti wa Kilimo Tanzania kilichopo Mbeya, ukaongee na watafiti wa viazi. Wakikubali kukushika mkono, omba barua ya kuthibitisha hilo.

Wadhamini, wale wa kukuandikia barua ya kukupendekeza? Mwache mheshimiwa diwani. Mtafute mwalimu aliyesimamia utafiti wako wa shahada ya kwanza, umpe andiko jipya mapema, si siku mbili kabla dirisha la maombi halijafungwa.