Taa iliyozama ziwani

Ukianza kazi kwenye meza ya habari hapa Kisumu, utapigiwa simu na mtu aliyeona "kitu" angani. Usicheke. Mimi mwaka wangu wa kwanza nilicheka, nikatangaza hewani kwamba ni sayari ya Zuhura tu. Kumbe mwezi ule Zuhura ilikuwa ikionekana alfajiri, na mpigaji aliona taa zake saa tatu usiku. Zilikuwa taa za wavuvi wa omena, giza la mwezi limewapeleka wote ziwani. Mzee mmoja wa ufuoni aliniita Bwana Zuhura mpaka nikazoea.

Andika maneno ya shahidi kabla hujamwambia lako. Ukitaja "chombo", naye ataanza kukumbuka madirisha. Uliza saa, na upande gani wa anga. Kuhusu urefu, mwambie anyooshe mkono, akunje ngumi, ahesabu ni ngumi ngapi kutoka upeo wa macho. Ngumi moja ni kama nyuzi 10. Ukubwa usiuandike kwa mita. Usiku taa haionyeshi umbali wake, na mtu akisema "kubwa kama matatu" anakisia.

Kisha rudi naye palepale, saa ileile. Kijana mmoja wa boda alikuwa akitoka Ahero, taa nyeupe mbele yake: akienda inaenda, akisimama inasimama, mwishowe ikapepesa nyekundu na kijani, ikazama ziwani. Kesho yake tulisimama kando ya barabara. "Ndiyo hiyo!" Ngumi mbili juu, upande wa magharibi. Safari hii ilikuwa Zuhura kweli. Haiachani na jua zaidi ya nyuzi 47, kwa hiyo jioni huwa imetua ndani ya saa tatu hivi baada ya jua kuchwa. Na kwetu hapa Ikweta vitu vya angani hushuka karibu wima, ndiyo maana ilionekana imedondoka majini. Rangi zile ni mwanga kupita kwenye hewa nyingi ya chini. Video yake ilionyesha duara linalopumua; ilikuwa simu inahangaika kutafuta fokasi.

Msururu wa taa zinazofuatana ni setilaiti za intaneti za Starlink, zilizoanza kurushwa kwa mafungu 2019. Ndege inayokuja kutua ikikuelekea huonekana imening'inia. Subiri dakika chache.

Lakini usiende na jibu mfukoni. Desemba 2024 pete ya chuma ya kilo 500 hivi ilianguka kijijini Mukuku, Makueni, na kweli ilitoka angani.

Yule kijana sikumwambia amekosea. Nilimwambia macho yake yaliona sawa, umbali ndio uliomchezea. Akauliza mbona ilimfuata. Nikamwonyesha mwezi, nikamwambia awashe pikipiki atembee kidogo. Alirudi anacheka: "Huyu naye ananifuata!"